Maua ya msimu mmoja kwenye jua kali: shajara ya mradi

Kabla ya mbegu

Mradi huu una swali moja: joto likipanda hadi watu wenyewe wanakimbilia kivuli, ni maua gani ya msimu mmoja yanayoendelea kumlisha mdudu? Yanayoendelea kupendeza yanajulikana, na pakiti za mbegu zinayasifu vya kutosha. Mmea unaweza kulihimili jua, ukachanua kutoka juu hadi chini, na nyuki akaupita asitue hata mara moja kwa sababu ndani hamna kitu. Nafasi yangu ni ndogo na maji ni ya kupimia, kwa hiyo kila mmea utakaoingia humu utapimwa kwa wageni wake.

Mwenzangu katika mradi anataka rangi. Mimi nataka chavua na mbochi, yale maji matamu yaliyojificha chini ya ua. Tumeafikiana hivi: mmea ukishindwa kuleta wageni unang'olewa katikati ya msimu, hata uwe mzuri kiasi gani. Yeye ameomba tuta moja la marigoldi zile kubwa za duara, zilizojaa petali hadi kitovu hakionekani. Nimekubali, ila kando yake nimeweka marigoldi za petali chache ili zishindane.

Eneo ni la jua tupu kuanzia asubuhi hadi alasiri. Udongo una mchanga mwingi na haushiki maji. Kila aina nimeipa fungu lake lenye upana wa mita moja au zaidi, sikutawanya mbegu mchanganyiko kama ambavyo wengi hushauri. Nyuki wa asali akianza safari kwenye ua la aina fulani huendelea na aina hiyo hiyo mpaka arudi mzingani. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliliona jambo hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Fungu kubwa la aina moja humpunguzia kazi ya kutafuta, naye hurudi. Shina moja la zinia hapa na lingine kule humpotezea muda.

Walioingia, walioachwa

Walioingia: zinia (Zinnia elegans) za petali chache pamoja na zile chotara zake fupi, kosmosi ya njano (Cosmos sulphureus), tithonia ya rangi ya chungwa (Tithonia rotundifolia), alizeti zenye matawi, marigoldi, gomfrena (Gomphrena globosa), potulaka (Portulaca grandiflora), na mrehani ambao hautachumwa majani, utaachwa uchanue. Zinia, kosmosi, tithonia na marigoldi zote asili yake ni Meksiko na nchi jirani. Potulaka imetoka Amerika Kusini. Haishangazi basi kwamba jua haliwatishi.

Kuhusu alizeti, chagua mbegu kwa uangalifu. Zipo aina zilizozalishwa zisitoe chavua kabisa, kwa ajili ya wauza maua wasiotaka vumbi la njano kwenye vitambaa vya meza. Mbochi zinatoa, lakini nyuki anayetafuta chakula cha watoto wake ataondoka mikono mitupu. Chavua ndiyo protini yao. Pakiti ikijisifu kwamba ua ni "safi" au "halina chavua", irudishe.

Pansi na maua mengine ya baridi yameachwa bila majadiliano. Joto likipanda hukoma. Vinka (Catharanthus roseus) nimeifikiria zaidi. Ni mmea wa Madagaska, uliowapa madaktari vinkristini na vinblastini za kutibu saratani, na sijui ua linalochanua kwa furaha zaidi kwenye ukavu. Tatizo ni mrija wa ua lake: mrefu, mwembamba, na mdomo wake ni tundu dogo sana. Vipepeo na nondo wenye ulimi mrefu wanafika chini, nyuki wengi hawafiki. Imepandwa ukingoni, nje ya hesabu.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Tithonia ninayopanda ni ya msimu mmoja. Ndugu yake Tithonia diversifolia ni kichaka cha kudumu ambacho kimevamia maeneo mengi ya tropiki, na kosmosi ya njano nayo hujipanda yenyewe kwa fujo. Uliza kwanza kama kwenu imeorodheshwa kuwa gugu vamizi.

Kitalu, na wasiotaka kitalu

Zinia, kosmosi, tithonia na alizeti zimepandwa moja kwa moja tutani. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa, na mche uliohamishwa wakati wa joto hutumia muda mwingi kujiuguza, muda ambao mbegu iliyopandwa siku ileile ingekuwa imeshaukaribia. Zinia zimefukiwa chini ya udongo wa nusu sentimita hivi, alizeti sentimita mbili hadi tatu. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi, zinia huchomoza ndani ya siku nne hadi saba. Zangu hazikubishana na kitabu.

Potulaka ni habari nyingine. Mbegu zake ni vumbi, ukipiga chafya zimekwisha. Zinahitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zinakandamizwa tu juu ya udongo uliolowa wala hazifunikwi. Ukizimwagia kwa keni zinasombwa zote upande mmoja. Trei ikalishwe kwenye beseni la maji, udongo unywe kutoka chini. Mbegu za gomfrena zimevaa sufu, nazo nimezilowesha usiku kucha. Hazina haraka, wiki mbili si ajabu, na wengi huzitupa zikiwa bado zinajifikiria.

Kwenye trei adui ni kinyausi: mche mzima wa asubuhi, jioni umelala, shina limenyongwa usawa wa udongo. Dawa ninayoiamini ni kupanda mbegu kwa kuachanisha, upepo upite, na kuuacha uso wa udongo ukauke kidogo kati ya maji na maji.

Mpira wa maji ukiachwa juani, maji yaliyomo huwa ya moto wa kuchoma miche. Yaache yamwagike pembeni kwanza mpaka mkono usiungue.

Kupunguza, kukata ncha

Miche ya zinia imepunguzwa, sasa kuna nafasi ya sentimita 25 hivi kati ya shina na shina. Inauma kung'oa miche yenye afya, lakini zinia zikibanana hewa haipiti, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, unapata makao.

Zikiwa na jozi tatu au nne za majani nimekata ncha kwa mkasi, juu kidogo ya jozi. Kila kwapa la jani limetoa tawi. Ua la kwanza limechelewa kwa sababu hiyo, lakini shina ambalo lingebeba ua moja sasa litabeba mengi, na hesabu ya wageni inajali wingi. Alizeti zenye matawi sijazigusa. Zinajua kazi yao.

Kosmosi imepandwa mafungu mawili kwa makusudi: moja limewekwa mboji ya kutosha, jingine halikupewa kitu. Fungu lenye mboji limekwenda juu haraka, majani mengi, kijani kibichi cha kuvutia, maua bado. Lile lililonyimwa ni fupi, limekonda, na tayari lina vichwa vya maua. Naitrojeni nyingi humfanya kosmosi asahau kuchanua. Pia majani laini yaliyoshiba yameanza kuwaalika vidukari, wakati fungu maskini halina hata mmoja.

Maua ya kwanza

Kosmosi wa fungu maskini ametangulia, zinia zimefuata. Alizeti bado zinageuza vichwa.

Inafaa kuchuchumaa na kulitazama ua la zinia kwa karibu, maana kinachoitwa ua ni mkusanyiko. Zile petali za rangi ni vijiua vya pembeni. Vijiua vyenye chakula vimo katikati: nyota ndogo za njano zinazofunguka duara kwa duara, za nje kwanza, kisha zinaelekea ndani siku baada ya siku. Nyota zilizofunguka leo ndizo zenye kitu. Nyuki anajua, hazunguki ua zima, anatembea juu ya pete ile ya njano na kuondoka. Alizeti, tithonia, kosmosi na marigoldi zimejengwa kwa mpango huohuo.

Hapo ndipo ubaya wa maua ya tabaka nyingi unapoonekana. Mzalishaji amebadilisha vijiua vya katikati kuwa petali. Macho ya mtu yamefaidi, lakini meza ya nyuki imeondolewa, na kilichosalia kimefunikwa. Zinia za tabaka nyingi huja kufunua kitovu zinapozeeka, kwa hiyo si hasara kamili. Marigoldi za mwenzangu hazifunui chochote.

Namna ya kuhesabu

Dakika kumi kwa kila fungu, saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Siku za mawingu mazito au upepo zinarukwa. Anayepita juu hahesabiwi, anayetua kwenye petali kupumzika hahesabiwi. Ni yule tu anayegusa kitovu.

Makundi ni manne: nyuki wa asali, nyuki wengine wote, vipepeo, na nzi. Mbawakavu wameingia kwenye "mengineyo" kwa sababu sina uhakika nao, wengine wanakula petali. Kundi la "nyuki wengine" ndilo lililonishughulisha. Duniani kuna zaidi ya spishi 20,000 za nyuki, na nyingi kati ya hizo hazijengi mzinga wala hazitengenezi asali. Jike huishi peke yake, akachimba tundu au kutafuta bua lenye uwazi. Mtu aliyezoea kuwaza mzinga tu huwapita bila kuwaona. Wengine ni wadogo kuliko punje ya mchele, weusi wenye mng'ao.

Nzi wenye michirizi ya njano huwadanganya wengi wakaandikwa nyuki. Tazama mabawa: nzi ana mawili, nyuki ana manne. Vipapasio vya nzi ni vifupi mno, macho yamejaa uso mzima, na anaweza kusimama hewani bila kusogea. Nimewahesabu kwa heshima, maana mabuu wa spishi nyingi za nzi hawa hula vidukari, na kule kwenye kosmosi iliyonenepa wamepata kazi.

Rangi nimeziandika pia, ingawa siku hizi naziona hazina uzito nilioudhani. Nyuki huona urujuanimno (mwanga ambao macho ya mtu hayauoni), bluu na kijani, na nyekundu tupu kwake iko karibu na giza. Mtafiti Karl von Frisch alithibitisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba nyuki wanatambua rangi, na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa utafiti wa tabia za wanyama. Lakini zinia zangu nyekundu hazikukosa nyuki, kwa kuwa pete ya katikati ni ya njano. Vipepeo ndio waliopendelea zile nyekundu na tithonia ya chungwa waziwazi.

Joto lenyewe

Kipimajoto kilichoko kivulini kimepita nyuzi 38 na kimeendelea hivyo. Udongo ulio wazi, mkavu, kwenye jua la saa nane unaweza kupita nyuzi 50, na hapo ndipo mizizi ya juu inaishi. Huu ndio muda ambao mradi uliusubiri.

Jambo la kwanza kubadilika ni saa. Hesabu ya saa sita imeporomoka karibu kwenye mafungu yote, yakiwemo yale ambayo maua yake hayakuonyesha dalili yoyote ya kuteseka. Chanzo kikubwa kiko kwa mdudu. Kundi la nyuki wa asali hulinda sehemu ya watoto kwenye nyuzi kama 34 hadi 36. Nje kukiwa moto kuliko hapo, wakusanyaji huacha maua na kwenda kuchota maji, yakapakwa ndani ya mzinga na kupigwa upepo kwa mabawa ili mvuke upoze. Siku hizi sahani ya maji niliyoiweka chini ya tithonia ina wageni wengi kuliko tithonia yenyewe.

Basi chakula cha siku nzima kinaliwa asubuhi, na mmea unaochelewa kufungua umejinyima. Alizeti hapa zimenishangaza kwa jinsi zilivyojipanga. Ikiwa changa, alizeti hulifuata jua kutwa nzima. Ikikomaa hubaki imetazama mashariki. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016 waliona kwamba vichwa vinavyotazama mashariki hupata joto mapema, na asubuhi vilitembelewa na wachavushaji hadi mara tano zaidi ya vile vilivyogeuziwa magharibi. Vya magharibi vilipopashwa moto kwa kifaa, wageni waliongezeka. Kwenye matuta yangu, alizeti zilizo wazi upande wa mashariki zinaanza kazi kabla ya kila mmea mwingine. Zile zilizozibwa na uzio upande huo zina vichwa vya ukubwa uleule na wageni pungufu kila asubuhi. Nikipanda tena, upande wa mashariki hautawekwa kitu kirefu.

Potulaka inakwenda kinyume na wenzake. Haifungui mpaka jua liwe kali, na alasiri inajifunga. Siku ya mawingu haifungui kabisa. Kwa hesabu ya saa mbili ilipata sifuri mara nyingi. Ilipofika saa nne, saa tano, ikawa fungu lenye pilikapilika kuliko yote, imejaa nyuki wadogo waliojipaka chavua mwili mzima. Nililazimika kuiongezea saa yake ya pekee kwenye daftari, vinginevyo ingeonekana mvivu. Ukigusa stameni zake, vile vijiti vyenye chavua, kwa ncha ya unyasi, zinajongea kuelekea upande ulioguswa. Mdudu akitua, zinamkumbatia.

Gomfrena na potulaka ndizo pekee ambazo majani yake hayakunyauka hata saa tisa. Zote mbili hutumia njia ya usanisinuru iitwayo C4, ambayo wanasayansi Hatch na Slack waliieleza mwaka 1966 walipokuwa wakichunguza miwa Australia. Kwa mimea mingi, joto likipanda, kimeng'enya kinachokamata hewa ya kaboni huanza kukosea na kukamata oksijeni, mmea ukapoteza nguvu. Mimea ya C4 huikusanya kaboni kwanza na kuirundika mahali kimeng'enya kilipo, makosa yakapungua, na vitundu vya majani vikaweza kufunguliwa kidogo tu, maji yakabaki ndani. Potulaka ina ziada: ukavu ukizidi, inaweza kuingiza kaboni usiku na kujifungia mchana.

Hata hivyo jani kuhimili joto ni jambo moja na ua kubaki na chakula ni jingine. Chavua inayotengenezwa ndani ya kichupukizi ni dhaifu kuliko jani. Ndiyo maana nyanya hudondosha maua wakati wa joto kali huku mmea umesimama wima. Nimekuwa nikigusisha kitambaa cheusi kwenye vitovu kila asubuhi. Alizeti bado zinaacha alama nene ya njano. Zinia zinaacha hafifu kuliko mwanzo wa msimu. Mbochi sina chombo cha kuipima, lakini jua huikausha na kuifanya nzito, na mdudu anayefyonza kwa mrija, yaani kipepeo, hupata taabu na kimiminika kizito kabla ya nyuki anayelamba. Vipepeo kwenye tithonia wamehamia saa za asubuhi kabisa, na wachache hurudi jua likikaribia kuzama.

Kosmosi wa fungu maskini hajali. Yule wa mboji alianguka upepo ulipovuma, akafungiwa vijiti, na sasa ndipo anaanza kuchanua. Zinia chotara fupi zimepata wageni wachache kwa kila ua kuliko zinia ndefu za petali chache, lakini maua yake ni mengi mno na hayakatiki, kwa hiyo kwa kila mita ya mraba zimekaribiana.

Marigoldi za duara zimehimili joto vizuri kuliko nilivyotabiri. Maua yake hayakunyauka, hayakupauka, na hesabu yake kwa saa zote tatu ni sifuri iliyojirudia, pamoja na kipepeo mmoja ambaye nadhani alipotea. Za petali chache, hatua mbili kando yake, zina nzi na nyuki wadogo kila asubuhi. Mwenzangu amezitazama tarakimu, kisha akauliza kama angeweza kuzihamishia kwenye chungu barazani. Makubaliano hayakukataza chungu.

Maji

Kanuni ninayoifuata ni maji mengi kwa nadra, yazame chini, mizizi iyafuate. Kumwagia kidogo kila jioni hufundisha mizizi kukaa juu, palepale penye nyuzi 50.

Alizeti na tithonia zenye majani mapana hulegea mchana hata udongo ukiwa na unyevu, kwa kuwa majani yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyaleta. Usikimbilie mpira. Rudi alfajiri: mmea uliosimama ulikuwa unajipumzisha, ule uliobaki umelegea ndio una kiu. Jaribio hili limeniokolea maji mengi.

Matandazo ya majani makavu, unene wa sentimita tano hadi nane, yamewekwa kila mahali isipokuwa sehemu moja iliyoachwa tupu kwa makusudi. Kiasi cha asilimia 70 ya spishi za nyuki hutaga ardhini, na jike hawezi kuchimba kupitia zulia la majani. Ile sehemu tupu, upande uliokauka wenye mteremko kidogo, tayari ina matundu ya mviringo yenye kichuguu kidogo cha udongo mdomoni. Bustani nadhifu iliyotandazwa kila inchi huwalisha nyuki hawa kisha ikawanyima pa kulala.

Kati ya zinia nimezika mitungi ya udongo isiyopakwa rangi, imejazwa maji na kufunikwa. Maji huvuja polepole kupitia kuta zake udongo unapokauka, mizizi ikaizunguka. Ni njia ya kale na bado inaushinda mpira kwenye udongo wa kichanga. Sahani ya nyuki ina kokoto ili wasizame, na maji hubadilishwa kila baada ya siku mbili mbu wasije wakazaliana.

Utitiri, vidukari, ubwiri

Utitiri wekundu wamekuja na ukavu: majani ya marigoldi yamepata vidoti vyeupe, na chini yake kuna utando mwembamba. Nimewapiga maji ya nguvu kwa chini ya majani, asubuhi, mara kwa mara. Inatosha wakiwahiwa.

Vidukari wa kosmosi sijawagusa. Nzi wenye michirizi na mbawakavu wekundu wenye madoa meusi wamefanya kazi yao.

Ubwiri unga umeonekana kwenye zinia ndefu, majani ya chini kwanza. Watu husema usilowanishe majani, na ushauri huo unasaidia kwa madoa ya majani, lakini ubwiri unga hauhitaji maji juu ya jani ili uenee. Siku kavu na usiku wenye unyevunyevu vinautosha. Nafasi kati ya mashina ndiyo kinga yake. Chotara fupi, zenye damu ya Zinnia angustifolia, hazikuugua.

Hakuna sumu iliyopulizwa humu, na hakuna itakayopulizwa. Kuna viuadudu vya jamii ya neonikotinoidi ambavyo hunyonywa na mmea na kufika hadi kwenye chavua na mbochi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya vitatu kati ya hivyo mwaka 2018. Mbegu na miche ya kununua inaweza kuwa imeshapakwa kabla haijafika mikononi mwako. Muulize muuzaji, na mbegu iliyopakwa rangi isiyo ya asili iulizie mara mbili.

Mkato na mbegu

Zinia na kosmosi zinakatwa maua yaliyozeeka, juu ya jozi ya majani, na zinajibu kwa kuchanua upya. Tithonia inataka mkono mwepesi: kikonyo chini ya ua kina uwazi ndani na huvunjika kwa kuguswa tu. Gomfrena haihitaji kukatwa. Kile tunachokiona kina rangi ni vijani vikavu, maua yenyewe ni vinyota vidogo vinavyochungulia katikati yake, na vinaendelea kujitokeza kichwa kikiwa na wiki nyingi. Mrehani, niliouingiza kwa kujaribu tu, umewashinda wote kwa idadi ya nyuki wa asali asubuhi hadi unaweza kuusikia kabla ya kuuona. Msimu ujao unapewa tuta zima.

Yaliyong'olewa ni marigoldi za duara na kosmosi wa mboji. Nafasi yao imepandwa zinia za petali chache na alizeti za awamu ya pili, maana alizeti huchanua mara moja ikamaliza, na bila kupanda kwa awamu kila wiki mbili au tatu kunabaki pengo.

Mbegu za zinia, kosmosi, tithonia na gomfrena zitavunwa vichwa vikikauka vyenyewe kwenye shina, asubuhi umande ukishakauka, kisha zitaanikwa kivulini na kuwekwa kwenye bahasha za karatasi. Za zinia chotara hazihifadhiwi. Watoto wake hawatafanana na mzazi. Vichwa vichache vya alizeti vitaachiwa ndege.

Mashina ya alizeti na tithonia hayang'olewi baada ya msimu. Yanakatwa yabaki na urefu wa sentimita 30 hadi 40, mdomo wazi, kwa ajili ya nyuki wanaotaga ndani ya mabua, na yasiguswe mpaka msimu unaofuata upite.